Woody Strode: Kutoka Uwanja wa Mpira Hadi Waafrika wa Sinema

Hapa Soweto, Moshi, filamu za makauboi bado zina wenyewe. Ingia kibanda umiza siku ambayo hakuna mechi ya Ulaya, utakuta wazee wawili watatu wamekaa mbele wanaangalia filamu waliyokwisha kuiona mara ishirini, na bado wanabishana nani alikuwa mwepesi zaidi wa kuchomoa bastola. Katika filamu hizo yumo mtu mmoja mrefu, mweusi, kipara kinang'aa, kifua kama mlango wa ghala. Wanamwita "yule kipara". Jina lake hawalijui, na sioni kosa lao, maana mara nyingi hata filamu yenyewe haimpi maneno mengi ya kusema.

Yule kipara ni Woody Strode. Kabla hajawa mwigizaji alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, ule mchezo ambao watu wanaukumbatia mpira kifuani na bado wanauita mpira wa miguu. Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza: mcheza mpira anatafuta nini katika kurasa za wahakiki? Ni swali la haki. Darasani tunafundishwa kuuliza, katika kila riwaya na kila tamthiliya, ni mhusika gani amepewa ulimi na ni yupi amepewa mwili tu. Maisha ya kazi ya Strode yanalileta swali hilo nje ya kitabu. Mpira ulimchukua kwa sababu ya mwili wake, ukamtupa, kisha sinema ikauokota mwili ule ule na kuuita Afrika. Kwa zaidi ya miaka ishirini alilipwa kuwa sisi. Kwa hiyo na sisi tuna la kusema juu yake.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, akapewa jina la rais aliyekuwa madarakani, Woodrow Wilson. Jina lenyewe lina kejeli yake, kwa kuwa ni katika serikali ya Wilson huyo ambapo wafanyakazi weusi wa ofisi za shirikisho walianza kutengwa na wenzao weupe. Mtoto akakua, akafika urefu wa karibu mita 1.93, akaingia Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, UCLA. Huko alikuta kitu ambacho vyuo vingi vya Marekani havikuwa nacho: timu yenye wachezaji weusi waliotegemewa. Mwaka 1939 walikuwamo Kenny Washington, Jackie Robinson na Strode. Robinson ndiye yule aliyekuja kuvunja ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli mwaka 1947, na dunia nzima ikamjua. Mwaka ule wa 1939 UCLA haikufungwa hata mechi moja. Ilishinda sita na kutoka sare nne. Mechi ya mwisho dhidi ya watani wao wa jadi, USC, ilichezwa Desemba katika uwanja wa Coliseum mbele ya watu zaidi ya laki moja, ikaisha bila bao. Wewe jaribu kufikiri: watu laki moja wamenunua tiketi kuangalia vijana weusi wakicheza na weupe, na kesho yake ligi ya kulipwa inasema haiwahitaji.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Ligi ya kulipwa, NFL, ilikuwa imewahi kuwa na wachezaji weusi tangu ilipoanzishwa mwaka 1920. Halafu, baada ya msimu wa 1933, wakatoweka wote. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa popote. Wenye timu walielewana tu, kama wapangaji wanavyoelewana kutompangisha mtu fulani, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mweusi hata mmoja aliyesajiliwa. Sheria iliyoandikwa unaweza kuishika na kuipeleka mahakamani. Makubaliano ya kimya utayashika wapi? Washington, ambaye mwaka 1939 hakuna mchezaji wa vyuo nchi nzima aliyemzidi kwa yadi, aliachwa. Yeye na Strode wakacheza katika ligi ndogo ya pwani ya Pasifiki, timu inayoitwa Hollywood Bears. Vita ikaja, Strode akawa jeshini, huko nako akicheza mpira. Miaka ambayo mchezaji huwa na nguvu zake zote ikapita hivyo.

Mlango ulifunguka mwaka 1946, na wenye ligi hawakuufungua kwa huruma. Timu ya Rams, mabingwa wa mwaka 1945, ilihama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles, ikaomba kuutumia uwanja wa Coliseum. Uwanja ule ulikuwa mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya watu weusi, na wa mbele kabisa akiwa Halley Harding, wakasimama kwenye kikao cha tume ya uwanja na kuuliza swali moja rahisi: inakuwaje kodi ya mtu mweusi ijenge uwanja, halafu timu isiyotaka mtu mweusi ndiyo iutumie? Tume ikashikwa pabaya. Rams wakamsajili Kenny Washington mwezi Machi. Lakini mtu mmoja mweusi peke yake angelala chumba kimoja na nani safarini? Basi akatafutwa wa pili, na Washington akamtaja rafiki yake. Strode akasaini mwezi Mei. Msimu ulipoanza alikuwa ameshatimiza miaka 32, umri ambao wachezaji wengi wa mchezo ule huwa wanaanza kufikiria kufungua duka.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba Strode ni mmoja wa watu wanne waliovunja ubaguzi katika mpira wa kulipwa wa Marekani mwaka 1946 (wengine wawili, Marion Motley na Bill Willis, walichezea Cleveland Browns katika ligi pinzani), ni kweli. Ila tusisahau aliingia kama nani: mtu wa kumsindikiza mwenzake. Nafasi yake uwanjani ilikuwa mwishoni mwa mstari, mahali pa kukimbia mbele na kudaka mpira unaorushwa. Katika mechi kumi alidaka mipira minne tu, yadi 37 kwa jumla. Mtu akizitazama tarakimu hizo bila historia atasema jamaa hakuwa kitu. Hizo ni tarakimu za mtu aliyewekwa benchi. Timu ilipofika Chicago, hoteli waliyofikia wenzao haikuwapokea yeye na Washington. Wakapewa hela wakatafute malazi mtaa wa watu weusi. Msimu uliofuata akaachwa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba umri ulikuwa kisingizio, na kwamba wakubwa walichukizwa na ndoa yake: mkewe, Luana, alikuwa wa asili ya Hawaii. Miaka mingi baadaye alisema kuvunja ubaguzi ule kulikuwa ni wakati wa chini kabisa maishani mwake, na kwamba kama peponi nako ingebidi awe wa kwanza kuingia, heri asiende.

Mimi maneno hayo nayaona mazito kuliko hotuba nyingi za ukombozi tulizosoma. Vitabu vya historia vinampenda "wa kwanza" na vinamfanya shujaa anayetabasamu. Huyu anasema wazi kwamba yalimuumiza.

Kanada ilimfaa zaidi. Mwaka 1948 alijiunga na Calgary Stampeders, timu ambayo msimu ule haikupoteza mechi hata moja, na mwezi Novemba ikashinda Kombe la Grey mjini Toronto kwa 12 kwa 7 dhidi ya Ottawa. Bao la ushindi lilitokana na Strode. Mpira ulikuwa umeanguka chini, wengine wakadhani mchezo umesimama, yeye akauokota akaondoka nao mbio hadi karibu kabisa na mstari, na mwenzake akamalizia. Huyo ni mtu wa miaka 34. Majeraha yakammaliza mwaka uliofuata. Mpira wake ukaishia hapo. Akabaki na mieleka, ambayo alikuwa akiicheza kwa malipo tangu kabla ya kwenda jeshini, na akabaki na mwili.

Na Hollywood ilikuwa na shughuli na mwili wa namna hiyo. Tayari mwaka 1941 alikuwa ameonekana katika Sundown, filamu ya vita ambayo kisa chake kinatokea Kenya, ingawa ilipigwa Marekani. Humo ni askari wa kienyeji. Baada ya mpira, kazi zikafululiza, na karibu zote ni za msituni. Mwaka 1951 yumo katika The Lion Hunters. Mwaka 1956, katika The Ten Commandments, ni mfalme wa Ethiopia anayeletwa mbele ya Farao. Mwaka 1958 yumo katika filamu ya Tarzan, ngozi begani, mkuki mkononi. Mwaka 1952, katika Androcles and the Lion, alivishwa manyoya akacheza simba. Naomba msomaji asidhani natania. Bingwa wa Kombe la Grey, mtu aliyesoma chuo kikuu, anatambaa kwa miguu minne ndani ya gozi la simba, na uso wake hauonekani kabisa.

Katika semina zetu najua kitakachofuata. Mtu atanyoosha mkono aseme Strode aliiuza Afrika. Mimi siafiki, ingawa hoja hiyo ina mtu mmoja wa kuitetea, na naye alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Paul Robeson alicheza NFL msimu wa 1921 na wa 1922, kabla mlango haujafungwa, halafu akawa mwimbaji na mwigizaji mkubwa. Mwaka 1935 aliigiza chifu wa Kiafrika katika Sanders of the River, filamu ya Waingereza inayosifu utawala wa kikoloni. Miongoni mwa watu waliokodishwa kujaza umati wa machifu humo alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Ndiyo, huyo huyo. Robeson alipoona filamu iliyokamilika aliikana hadharani. Aidha, katika miaka hiyo alikuwa akisoma lugha za Kiafrika mjini London, Kiswahili kikiwemo. Kwa kifupi, Robeson aliitafuta Afrika ya kweli akaikuta, na akaweza kukataa ya uongo.

Lakini Robeson alikuwa na sauti ya kuimbia, na watu walilipa kumsikiliza. Alipokataa filamu hakulala njaa siku ile. Sisi tuliolelewa na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert tunaujua mkondo huo: msanii anatoka chini, sauti inamnyanyua, dunia inamheshimu. Strode hakuwa na sauti ya kuuza. Alikuwa na mabega. Na wenye kununua mabega walitaka aina moja tu ya bidhaa. Kumhukumu yeye na kuwaacha wanunuzi ni uhakiki wa uvivu.

Halafu, akiwa na miaka 46 hivi, kikatokea kitu. Mwaka 1960 zilitoka filamu mbili. Ya kwanza ni Spartacus, ambamo ni Draba, mtumwa wa Kiethiopia katika shule ya wapiganaji wa Kirumi. Mwanzoni Spartacus anamwuliza jina, naye anakataa kulitaja, kwa sababu huenda siku moja wakalazimishwa kuuana. Siku hiyo inafika. Mabwana wawili na mabibi wawili wa Kirumi wamekaa juu, wanapunga hewa, wanataka kuona damu. Draba anashinda. Ameshamweka Spartacus ukutani, mkuki wenye meno matatu shingoni. Anaangalia juu, wanamwambia ua. Hasemi kitu. Anageuka, anaurusha mkuki kwa wale waliokaa juu, kisha anapanda ukuta kuwafuata, na anauawa akiwa ameshaikaribia miguu yao. Maiti yake inatundikwa kichwa chini ili wengine wajifunze, na kweli wanajifunza: uasi wote wa filamu ile unaanzia pale. Strode yumo kwa dakika chache tu, na bado aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe.

Mhakiki wa kawaida atasema hapa ndipo mwili ulipogeuka kuwa hoja. Nakubali, ila naongeza jambo moja dogo la kimpira. Angalia jinsi anavyogeuka na kurusha, halafu anavyoruka ukutani. Kile ni kitendo cha mtu aliyefundishwa kwa miaka kungoja mpira ukiwa hewani na kuamua ndani ya sekunde moja. Uwanja ulimpa mambo mengi ya uchungu, ila na hilo ulimpa.

Filamu ya pili ya mwaka huo ni Sergeant Rutledge ya John Ford. Hapa Strode ndiye mhusika mkuu: sajini mweusi wa jeshi la farasi anayeshtakiwa kwa kumbaka na kumwua msichana wa kizungu. Kesi inaendelea mahakamani, na kwa mara ya kwanza anapata kusimama na kujieleza kwa maneno, kwamba yeye ni mtu. Hata hivyo jina kubwa kwenye mabango halikuwa lake, lilikuwa la mwigizaji mweupe anayecheza wakili wake. Ah, ndiyo hivyo.

Huyu John Ford anatusogeza karibu na nyumbani. Alikuwa ameshafika Afrika Mashariki mwenyewe kupiga Mogambo, iliyotoka mwaka 1953. Naye John Wayne, kipenzi chake, alikuja Tanganyika kupiga Hatari! kule Momella, chini ya Mlima Meru, mwaka 1960 na 1961. Mzee yeyote wa Arusha aliyekuwa kijana wakati ule atakupa hadithi yake kuhusu magari yaliyokuwa yakikimbiza vifaru. Hatari! ilitoka mwaka 1962. Mwaka huo huo Wayne alitoka katika filamu nyingine, The Man Who Shot Liberty Valance ya Ford, na humo Strode ni Pompey, mfanyakazi wake. Sasa ziweke filamu hizo mbili pamoja. Katika moja, vijana wetu wamesimama nyuma ya John Wayne, wanashika kamba. Katika nyingine, Strode amesimama nyuma ya John Wayne, anashika bunduki na anafungua mlango. Tanganyika halisi na Afrika ya kuigiza zimekutana mgongoni mwa mtu mmoja, ndani ya mwaka mmoja.

Lakini Ford ana ujanja wake. Kuna onyesho la darasa, ambamo wakili kijana anawafundisha watu wazima kusoma. Pompey anasimama, nyuma yake ukutani kuna picha ya Lincoln, anaanza kukariri tangazo la uhuru wa Marekani. Anafika penye maneno ya usawa wa binadamu wote, anakwama. Kayasahau. Mwalimu anamwambia asijali, wengi huyasahau hayo. Muda si muda Wayne anaingia na kumrudisha kazini. Sijui onyesho jingine la sinema ya Marekani lililosema mengi hivyo kuhusu nani anaruhusiwa kumaliza sentensi. Ukikumbuka kwamba aliyesimama pale alikuwa msomi wa UCLA, kusahau kule kunakuwa kama dhihaka inayowarudia watunzi wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Strode alikwenda Italia. Kazi maarufu kuliko zote ni dakika za mwanzo za Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, mwaka 1968. Majambazi watatu wanangoja treni. Tone la maji linadondoka juu ya kofia ya Strode, tone, tone, naye hajitingishi. Mwishowe anaivua kofia na kuyanywa yale maji. Hasemi hata neno moja. Niliiona kibandani hapa Soweto ikiwa na mfasiri, wa shule ile ya akina Lufufu, ambao hawawezi kuvumilia kimya. Mfasiri akamtilia maneno mdomoni: eti jamaa anailalamikia serikali ya kijiji kwa kuchelewesha bomba la maji. Kibanda kizima kikacheka. Nami nikacheka, halafu nikawaza kwamba pengine hizo ndizo sentensi nyingi kuliko zote alizowahi kupewa Strode katika filamu ya kauboi, na amepewa kwa Kiswahili.

Mwaka huo huo wa 1968 ilitoka filamu nyingine ya Italia, ambayo kwetu sisi ina uzito kuliko zote, na ambayo vibandani haipo. Iliongozwa na Valerio Zurlini. Jina lake la Kiitaliano lina maana ya kuketi mkono wake wa kuume. Kiingereza wakaiita Black Jesus. Ilichaguliwa kushindana katika tamasha la Cannes, tamasha lenyewe likavunjika kwa sababu ya vurugu za Mei mwaka ule. Strode ni Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayehubiri umoja, anayekamatwa, anayeteswa gerezani akiwa na mwizi wa kizungu, na anayeuawa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Ni kipindi kile kile ambacho kule Momella vifaru walikuwa wakikimbizwa mbele ya kamera.

Hapa sina budi kuwa mkali. Lumumba alikuwa mtu mwembamba wa miaka 35, mwenye miwani na kidevu chenye ndevu kidogo, karani wa zamani wa posta kule Stanleyville. Silaha yake ilikuwa maneno. Tarehe 30 Juni 1960 alisimama mbele ya Mfalme Baudouin akasema yale ambayo hayakuwa kwenye ratiba, na pengine ni siku ile ndipo hukumu yake ilipoandikwa. Zurlini anamchukua mtu huyo na kumpa mwili wa mchezaji mpira na mcheza mieleka wa miaka 53. Kwa nini? Kwa sababu filamu inataka mateso, na mateso yanahitaji kifua kipana ili kamera ipate pa kutua. Si hilo tu. Katika nakala ya Kiitaliano sauti inayotoka kinywani mwa Strode si yake. Iliingizwa studioni, kama ilivyokuwa desturi ya filamu za huko. Hatimaye amepewa Mwafrika mwenye hotuba, na ulimi umeazimwa kwa mtu mwingine.

Na bado anaweza. Nimeiangalia filamu hii mara mbili kwenye simu, nakala mbovu, na nilichokikuta usoni mwa Strode si uigizaji wa Yesu. Ni uchovu. Kuna namna anavyowatazama wanaompiga, kama mtu aliyekwisha kukataliwa kwenye hoteli nyingi mno kiasi cha kutoshangaa. Zurlini alitaka mtakatifu, akapewa mtu mzima aliyechoka, na filamu ikanusurika kwa hilo.

Linganisha na kazi ya Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji huyu alimwuzia mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi yake, na akamsimulia maana ya kila moja kwa Kiswahili cha Katanga, Kiswahili ambacho mwalimu wetu wa sarufi angekitia wino mwekundu mstari kwa mstari. Fabian alivichapisha vyote, picha na masimulizi, katika kitabu cha mwaka 1996. Lumumba wa Tshibumba anavaa suti na miwani. Anahutubia. Anapokufa, analala chini na wenzake wawili, na nyuma yao juu ya kilima imesimama misalaba mitatu. Kwa Tshibumba, Lumumba alikuwa Yesu wa nchi ile. Ina maana Mwitaliano na Mkatanga, bila kuonana, walifikia mfano mmoja. Tofauti ni kwamba kwa Tshibumba Yesu huyu kwanza ameongea, tena tumemsikia, ndipo msalaba ukaja. Kwa Zurlini msalaba umefika mapema, na maneno yanaufuata nyuma kwa shida.

Wapo watakaosema namwonea Zurlini, kwa kuwa alithubutu pale ambapo Hollywood haikuthubutu. Hilo ni kweli pia. Hakuna mzalishaji wa Marekani wa mwaka 1968 ambaye angempa Strode kazi ile. Ndio maana alihamia Italia.

Aliendelea kuigiza hadi uzeeni. Mwaka 1990 alitoa tawasifu yake, Goal Dust, aliyoiandika pamoja na Sam Young, na humo anasimulia mpira kwa kirefu kuliko sinema. Alifariki tarehe 31 Desemba 1994 akiwa na miaka 80. Filamu yake ya mwisho ilitoka baada ya kifo chake. Mwaka 2022 Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kulipwa wa Marekani uliwapa tuzo ya waasisi yeye, Washington, Motley na Willis. Motley na Willis walikuwa wameshaingizwa humo zamani kama wachezaji. Strode na Washington hapana. Kwa Washington ningegombana na mtu, maana yeye alinyang'anywa miaka sita ya ligi kuu akiwa kwenye kilele cha uwezo wake. Kwa Strode, mipira minne haimwingizi mtu popote, na nadhani yeye angekuwa wa kwanza kulisema hilo. Mimi ningetaka kitu kingine: siku moja, katika somo la fasihi na filamu, tufunge mapazia ya ukumbi mdogo, tuonyeshe Black Jesus, na ukutani pembeni tubandike picha ya Tshibumba yenye misalaba mitatu, halafu tuanze kubishana.